Nusu Sekunde

Nilipanda kwa Nives Tolazzi Alhamisi, saa nne asubuhi,
kompyuta mgongoni, theluji imeganda kwenye soli.
Baada ya wiki mbili mji ungepiga kura:
machimbo ya marumaru yafunguliwe, au yaachwe yalale.
"Sijaamua," alisema kabla sijaketi.
"Wa ndiyo wamekuja, wa hapana wamekuja,
wote wamekunywa kahawa yangu. Sijaamua."

Nikamweleza: kidole hiki huku, hiki kule.
Picha ya machimbo, au neno zuri: kushoto.
Neno baya: kulia. Halafu tunageuza,
machimbo yahamie kwa maneno mabaya.
Usifikiri. Harakisha.
Profesa wangu kule Udine husema
kinywa kina mlinzi langoni, kidole hakina.

Akavaa miwani yenye mkono uliofungwa uzi mwekundu,
akasukuma kando bakuli la maganda ya jozi.
Furaha: ta. Uozo: ta. Amani: ta.
Ukuta mweupe, winchi iliyoota kutu,
kibanda cha bati chenye mlango wa buluu:
ta.

Duru ya pili, kidole kikasita.
Kikaelea juu ya kitufe
kama nzi juu ya maziwa ya moto.
Alikosea mara tano. Akatukana kwa Kifriuli,
akaniomba radhi, akatukana tena.

Kompyuta ikatoa hesabu yake.
Machimbo na wema: milisekunde mia sita na arobaini.
Machimbo na ubaya: elfu moja, mia moja na arobaini.
Nusu sekunde, chini ya kupenga kamasi,
na kwa lugha ya profesa, huyu keshaamua;
kura yake iko njiani, ila yeye hajapata habari.
Kwenye safu ya utabiri nikaandika NDIYO.

Sikuruhusiwa kumwambia. Akanisoma usoni.
"Sanduku limesema nini?"
Nikashusha kifuniko, nikajifanya natafuta waya.

"Ule mlango wa buluu," akasema,
"niliupaka mimi, mwaka wa sabini na moja.
Ermes kashika kopo, mimi brashi,
hatujaoana bado, na mvua inakuja, tunakimbizana nayo.
Vumbi la humo humo likamjaa mapafuni.
Alikohoa miaka tisa.
Haya, hilo nalo ni kushoto au kulia?"

Sikuwa na kitufe.

Usiku ule, katika chumba cha kupanga juu ya duka la mikate,
nikakumbuka kuwa kinyozi hajinyoi,
nikashika wembe.
Mimi nina kibandiko cha HAPANA kwenye baiskeli,
nimetia saini waraka mzima wa kupinga,
nimebishana na shemeji yangu hadi supu ikapoa.
Kidole changu kikakimbia kwenda kwa machimbo na wema.
Labda ni ule weupe tu, weupe wa shuka mpya.
Labda ni babu, mchonga mawe ya makaburi,
aliyenipa vipande nivilambe nione chumvi.
Nikarudia. Nikarudia tena na taa imezimwa.
Mara tatu vidole vikanichongea,
na hadi leo sijui kama mchongezi huyo
alikuwa akisema kweli.

Jumapili ikafika: ndiyo mia sita na kumi na moja,
hapana mia sita na nne.
Karatasi tatu ziliharibika,
moja imetiwa alama pande zote mbili, karani alisema,
kwa mkono uliotulia.

Profesa aliagiza keki. Kati ya kila kumi waliosema hawajaamua
tulipatia saba. Akaiandika ile saba ubaoni,
akaipigia mstari hadi chaki ikavunjika.

Ilibaki safu moja tupu. Nikampigia Nives,
kama utaratibu unavyotaka,
nikamsomea swali neno kwa neno: "Ulipigaje kura?"

Nikasikia jozi ikipasuka.
"Polepole," akasema,
akakata simu.